Amplifaya ya kubeba kwa mpiga gitaa, zeze na ligombo wa mtaani: mwongozo kwa Nyanda za Juu Kusini

Anayepiga gitaa kavu kandokando ya soko la Mwanjelwa, Mbeya, saa kumi jioni anashindana na honi za bajaji, spika za wauza dawa na malori ya Tunduma yanayobadilisha gia. Hata akizikwaruza nyuzi kwa nguvu zake zote, mtu aliyesimama hatua kumi mbele ataona vidole vikicheza bila kusikia wimbo. Amplifaya inahitajika. Tatizo ni kwamba wengi huinunua kwa kusoma namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, kisha wanagundua mtaani kwamba gitaa linasikika kama bati, maiki inalia na betri inakata kabla watu hawajajaa.

Chagua kwa mpangilio huu: kwanza duara la wasikilizaji, pili chombo unachopiga, tatu betri, nne uzito. Wati hutokana na hayo, hazitangulii.

Duara la wasikilizaji

Msanii wa mtaani hapigii soko zima. Anapigia watu ishirini au thelathini waliozunguka, wa mwisho akiwa mita nane hivi kutoka kwenye spika. Huyo wa mwisho ndiye wa kumpigia hesabu.

Sauti mahali pa wazi hupungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapoongezeka mara mbili. Ukizidisha wati mara mbili, unaongeza desibeli 3 tu. Na ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Ndiyo maana kutoka wati 30 kwenda wati 60 hakuleti tofauti ambayo mtu wa kawaida angeilipia.

Tuchukue spika ndogo ya kawaida, inayotoa desibeli 88 kwa wati moja ukiwa mita moja mbele yake. Ukiipa wati 5 inafika 95. Kwenye mita nane, umbali umezidishwa maradufu mara tatu, kwa hiyo unatoa 18 na kubaki na 77. Hicho ni kilele, yaani pale unapougonga uzi kwa nguvu. Wastani wa muziki huwa chini ya kilele kwa desibeli kama 10, hivyo msikilizaji wa mwisho anapata 67. Kwenye bustani tulivu au kona ya Gangilonga, Iringa, jioni, hiyo inatosha kabisa. Pembeni ya barabara kuu, ambako kelele ya magari peke yake hufika 70 na kupita, wimbo wako unamezwa.

Spika hiyohiyo ikipewa wati 50 inamfikishia mtu wa mwisho wastani wa 77 hivi. Kwa hiyo wati 5 hadi 10 za kweli zinatosha mahali patulivu, mlangoni mwa mgahawa au kwenye kibaraza. Kwa ukingo wa soko, stendi au Mashine Tatu ya Iringa siku ya pilikapilika, tafuta wati 30 hadi 50 za kweli. Zaidi ya hapo si muziki wa duara tena, ni mkutano wa hadhara, na utaanza kusumbuana na wenye maduka.

Wati za kweli na wati za boksi

Spika nyingi za troli zinazouzwa mjini zimebandikwa “1000W”, hata “5000W PMPO”. PMPO ni namba ya kuuzia bidhaa. Haina kipimo kinachoeleweka. Unachotafuta ni wati za RMS, zile ambazo kifaa kinaweza kuzitoa mfululizo. Kama hazijaandikwa, geuza spika na usome kibandiko cha nyuma au cha chaja, kwa sababu hapo namba huwa za kweli zaidi.

Mfano: boksi linasema wati 800. Kibandiko cha chaja kinasema volti 15, ampea 2. Zidisha: wati 30. Kibandiko cha betri kinasema volti 12, 4.5Ah (ampea-saa). Zidisha tena: wati-saa 54. Betri hiyo, kama ingetakiwa kutoa wati 800, ingekwisha kwa dakika nne, na ukweli ni kwamba ingezima papo hapo. Spika ya namna hiyo kwa kawaida hutoa wati 20 hadi 30 safi. Huenda zikakutosha, ila usizilipie bei ya 800.

Ukiagiza kutoka Kariakoo mzigo uje kwa basi, mwombe muuzaji akupigie picha ya kibandiko cha nyuma, cha chaja na cha matundu ya kuchomekea kabla ya kutuma hela. Anayekataa kukupigia picha hizo tatu, mwache.

Matundu ya kuchomekea

Hapa ndipo amplifaya za karaoke zinapowaangusha wapiga vyombo vya nyuzi.

Gitaa kavu lenye pikapu (kinasa mtetemo wa nyuzi) chini ya daraja mara nyingi lina pikapu ya piezo, kipande kinachogeuza mtetemo kuwa umeme. Piezo hutoa umeme dhaifu sana, nayo inahitaji tundu lenye ukinzani mkubwa, megaohm 1 (kiloohm 1000) au zaidi. Tundu la maiki kwenye spika ya troli lina kiloohm chache tu. Ukichomeka piezo tupu hapo, besi yote inapotea na kinachobaki ni sauti nyembamba ya kukwaruza. Watu hulaumu gitaa au nyuzi, kumbe kosa ni la tundu. Gitaa lenye kisanduku cha betri ubavuni (ile yenye vitufe vya besi na trebo) limeshatatua shida hiyo ndani yake na linaweza kuchomekwa karibu popote. Kama gitaa lako halina, nunua amplifaya yenye tundu lililoandikwa kwamba ni la gitaa au ala, au tafuta kisanduku cha nje cha kuongezea nguvu ya pikapu. Fundi redio mzuri anaweza kukuundia kimoja kwa transista ya FET na betri ya volti 9.

Kwa sauti ya mwimbaji, tafuta tundu la XLR, lile la pini tatu, lenye kitufe chake cha kurekebisha kiasi. Tundu la jeki la milimita 6.35 linafanya kazi pia, ila huingiza mvumo zaidi waya unapokuwa mrefu. Tumia maiki ya dainamiki. Maiki ya kondensa inahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye amplifaya, na nyingi ndogo hazina. Tena inavuta kila kelele ya barabarani.

Bluetooth ni ya kupigia muziki wa kwenye simu tu. Inachelewesha sauti, mara nyingi zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa kusikiliza wimbo haijalishi, lakini ukipitisha gitaa humo utaupiga uzi na kuusikia baadaye, na hakuna mkono unaoweza kushika mdundo hivyo.

Vyombo vya kwetu vinahitaji akili kidogo zaidi, maana watengenezaji hawakuvifikiria.

Ligombo la Wahehe, chombo cha nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao, lina sauti ya chini na laini sana. Maiki ikiisogelea vya kutosha, italia kabla ligombo halijasikika. Njia inayofaa ni kisahani cha piezo cha milimita 27, kile cha kwenye kengele za mlango na saa za kuamshia. Kibandike kwa nta ya nyuki mgongoni mwa ubao, karibu na mwisho wa nyuzi lakini si juu ya ukingo wenyewe. Anza hapo, kisha kisogeze sentimita mbili mbili huku ukipiga, mpaka nyuzi za chini na za juu ziwe na uzito mmoja. Usitumie gundi kali, kwa sababu utakapotaka kukihamisha utabandua mbao. Kisahani hiki nacho kinahitaji lile tundu la megaohm 1.

Zeze linabeba mkwaruzo mwingi wa upinde kwenye sauti za juu. Piezo huuzidisha, kwa hiyo kwa zeze ni afadhali maiki, sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye kibuyu, na trebo uipunguze. Ilimba, ile ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, inapenda kisahani cha piezo kwenye kisanduku, chini ya daraja la vyuma. Filimbi ipe maiki kwa ubavuni, isielekee pumzi inapotokea.

Ngoma usiiwekee maiki. Mtaani ngoma inajitosheleza, na ukiingiza besi yake kwenye spika ndogo unaila nguvu yote iliyokuwa ya sauti na nyuzi. Kikundi cha ngoma, ligombo na mwimbaji kinahitaji amplifaya ya njia mbili tu (moja ya maiki, moja ya ligombo). Na hakikisha kila njia ina besi na trebo zake. Kitufe kimoja cha besi kwa njia zote kitakulazimisha kuharibu sauti ya mwimbaji ili kuokoa gitaa.

Betri, na baridi yetu

Kupata saa ambazo betri itadumu, zidisha volti kwa Ah upate wati-saa, kisha gawa kwa wati ambazo kifaa kinakula kwa wastani. Muziki hautumii wati zote muda wote. Amplifaya ya wati 50 ya teknolojia ya daraja D (class D, isiyopoteza umeme mwingi kwa joto), ikipigwa kwa sauti ya kutosha, hula kama wati 12. Ya aina ya zamani, ile yenye kipande kikubwa cha alumini nyuma kinachopata moto, hufika 20.

Betri ya asidi ya volti 12, 7Ah ina wati-saa 84. Lakini usiinywe zaidi ya nusu kama unataka idumu, kwa hiyo hesabu 42. Kwa amplifaya ya wati 12 unapata saa tatu na nusu, na kwa ile ya 20 saa mbili hivi. Betri ya lithiamu unaweza kuitumia karibu yote, na ni nyepesi zaidi kwa nguvu ileile.

Punguza hesabu hiyo kwa ajili ya hewa ya huku. Betri ya asidi hupimwa kwenye nyuzijoto 25. Ikishuka hadi 5, kama asubuhi na usiku wa Juni na Julai huko Njombe, Makete na Uporoto, inapoteza kama moja ya tano ya uwezo wake. Betri ndogo za AA za alkalaini huteseka zaidi. Weka akiba ndani ya koti, karibu na mwili. Na usinunue zile za bei ya chini kabisa za redio na saa ya ukutani: hazina uwezo wa kutoa umeme mwingi kwa mkupuo, kwa hiyo amplifaya itazima ukigonga besi ingawa betri bado mpya. Za kuchaji za NiMH, kuanzia 2000mAh, ni chaguo zuri. Hakikisha tu kwamba kitabu cha kifaa kinaziruhusu, maana zina volti 1.2 badala ya 1.5.

Kama amplifaya ina tundu la umeme wa nje, unaweza kutumia betri ya sola. Hakikisha volti zinalingana na zilizoandikwa kwenye tundu, weka fyuzi karibu na pini ya chanya, na angalia alama za chanya na hasi kando ya tundu. Adapta nyingi za Roland na Boss zina hasi katikati, kinyume cha adapta nyingine nyingi zinazouzwa madukani. Kosa hilo moja linaunguza kifaa kwa sekunde.

Uzito

Kilo 5 hadi 8 unabeba mgongoni na bado unapanda daladala ukiwa na gitaa. Kuanzia kilo 12 unahitaji magurudumu, na magurudumu madogo ya plastiki hayadumu kwenye changarawe wala mabonde ya mitaa ya Iringa. Ukinunua ya troli, kagua ekseli: iwe ya chuma.

Baadhi ya zinazojulikana

Roland Cube Street ina wati 2.5 mara mbili, spika mbili za inchi 6.5, inatumia AA sita na ina uzito wa kilo 5 na kidogo. Kwa gitaa na sauti ya mtu mmoja mahali patulivu ni safi sana. Kwa Mwanjelwa haitoshi. Kaka yake, Cube Street EX, ina hadi wati 50, spika za inchi 8, AA nane na kilo 7.4. Hiyo inafaa stendi. Bose S1 Pro ina kilo kama 7, betri ya lithiamu ya kuchaji na njia mbili za maiki au ala, pamoja na ya tatu ya simu. Zote tatu ni ghali, na zilizotumika zinapatikana, ila kwa iliyotumika betri ya lithiamu ndiyo ya kuichunguza kwanza.

Spika ya troli ya bei ya kati, ukiongeza kisanduku cha kuongezea nguvu ya pikapu, inaweza kufanya kazi nzuri kwa pesa ndogo zaidi. Huo ndio ushauri wetu kwa anayeanza, ilimradi ipite majaribio yafuatayo.

Jaribu kabla ya kulipa

Nenda dukani na gitaa lako, waya wako na maiki yako. Jeki ya dukani itakudanganya.

1. Chomoa chaja. Majaribio yote yafanyike kwa betri.
2. Weka besi, katikati na trebo katikati kabisa, mwangwi sifuri. Chomeka gitaa na upandishe polepole hadi robo tatu.
3. Piga uzi mnene wa juu peke yake, kwa nguvu. Ukisikia mtetemo wa plastiki au mlio wa kupasuka, kasha ni legevu au spika imechoka.
4. Piga akodi nzima, kisha nyamaza. Mvumo wa “shhh” kidogo ni kawaida. Wa “ngrrr” unaoisha ukishika nyuzi unatokana na waya au pikapu.
5. Chomeka maiki, simama nyuma ya spika, pandisha mpaka ianze kulia. Kama inalia kabla sauti yako haijawa kubwa kuliko ya kuongea, iache.
6. Tikisa jeki taratibu. Ikikatakata, tundu limelegea kwenye ubao wa ndani.
7. Sasa chomeka chaja huku ukipiga. Chaja mbovu huleta mlio mwembamba. Hilo linatibika kwa chaja nyingine, lakini lipunguze bei.
8. Iache ipige kwa nusu saa. Pima betri kwa mita kabla na baada, ikiwa imezimwa. Ya asidi iliyojaa husoma volti 12.7, ikishuka chini ya 12.1 kwa nusu saa tu, ni nzee.

Kupanga mtaani

Tafuta ukuta nyuma yako, mita moja au mbili. Unazuia kelele za nyuma na kuisukuma sauti yako mbele. Spika iwe mbele yako kidogo na pembeni, ikiangalia watu. Hivyo mgongo wa maiki unaelekea spika, na maiki nyingi za kuimbia hazisikii sana upande wa mgongo. Usiikumbatie kichwa cha maiki kwa kiganja kama wafanyavyo wa rapu. Unaharibu uwezo huo na italia mara moja.

Inua spika ifike usawa wa kifua, au iegemeze ielekee juu. Ikikaa chini, miguu ya mstari wa mbele inameza sauti za juu, na wa nyuma wanabaki na mvumo wa besi. Stendi za kawaida zina bomba la milimita 35; pima tundu la chini ya spika kabla ya kununua.

Gitaa likianza kuvuma kwa sauti nzito, ni tumbo lake linaitikia spika, kwa kawaida karibu na 100Hz. Punguza besi kwanza, kisha bonyeza kitufe cha fezi (kinachopindua wimbi la sauti) kama kipo, kisha ziba tundu la gitaa kwa kizibo cha mpira au kipande cha sponji kilichokatwa kwa umbo. Maiki ikipiga mluzi mwembamba, punguza trebo na isogeze spika mbali hatua moja. Kushusha sauti yote liwe jambo la mwisho.

Upepo wa Mbeya mchana unagonga maiki kama ngoma. Vaa maiki sponji. Vumbi la Agosti hadi Oktoba huingia kwenye vitufe, na dawa yake ni kitambaa chepesi juu ya paneli wakati unapiga. Rungwe, Tukuyu na Kyela mvua haikupi taarifa, kwa hiyo mfuko wa nailoni mzito ukae kwenye begi daima. Ukitoka kwenye baridi na kuingia nyumba yenye jiko la mkaa linalowaka, unyevu hujikusanya ndani ya amplifaya. Iache nusu saa kabla ya kuchomeka chaja.

Kibali kimalizwe kabla ya siku yenyewe. Anza kwa ofisi ya serikali ya mtaa na afisa utamaduni wa halmashauri, ukiwa umejisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Kelele ziko chini ya uangalizi wa NEMC, baraza la taifa la mazingira, na malalamiko ya mwenye duka mmoja yanaweza kukuondoa. Shusha sauti wakati wa adhana na ibada, na geuza spika isiangalie mlango wa mtu.

Mwisho wa msimu, usiiweke stoo ikiwa tupu. Betri ya asidi iliyokaa bila chaji huganda salfeti kwenye sahani zake na hairudi tena. Ijaze, kisha ichaji tena kila mwezi. Ya lithiamu iweke ikiwa nusu, mbali na jiko. Betri za AA zitoe kabisa kwenye kasha, maana zikivuja zinakula springi za ndani ya kasha, na springi hizo mafundi wengi hawana za kubadilishia.